Nani anakuona ukiandika?

Watu wakilinganisha mitandao ya kijamii huanza na mambo ya ufundi: upi unakula bando, upi una video nzuri, upi una vijana na upi umeachiwa wazee. Nimetumia karibu yote iliyopita hapa nchini tangu enzi za intaneti kafe, na kwa uzoefu wangu tofauti kubwa kati ya mtandao na mtandao haiko huko. Iko kwenye swali dogo ambalo kila mtu hujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, hata kama hana habari kwamba anajiuliza: hii nani ataiona? Jibu likiwa ni watu wasiomjua, huandika kwa namna moja. Likiwa ni bosi, mchungaji na mama mkwe, huandika kwa namna nyingine, au haandiki kabisa. Safari yetu Watanzania mtandaoni, kwa takribani miaka ishirini sasa, imekuwa ya kutoka kwa wasiotujua kwenda kwa wanaotujua, na kadiri tunavyozidi kujuana ndivyo tunavyozidi kunyamaza. Kelele zimeongezeka, sikatai. Lakini mtu anaweza kupiga kelele kutwa bila kusema analoliamini.

Nianze na JamiiForums (JF), jukwaa la mijadala ya maandishi, kwa sababu ndiko wengi wa rika langu tulikojifunza kubishana kwa maandishi. Kabla yake kulikuwa na Yahoo Messenger na Hi5, ila huko tulikwenda kutafuta marafiki na wachumba, kwa Sh 1,000 ya saa moja ya kafe ambayo nusu yake iliishia kusubiri picha ifunguke. JF ilianza mwaka 2006 ikiitwa Jambo Forums, ikabadili jina mwaka 2008. Nguvu yake ilikuwa kwamba hakuna aliyemjua mwenzake. Ulijisajili kwa jina lolote ulilopenda, ukaweka picha ya simba au ya Mandela, na kuanzia hapo wewe ni "mkuu" kama wakuu wengine. Mhadhiri wa chuo na kondakta wa daladala walikutana kwenye uzi mmoja, wakavutana kurasa kumi, na aliyeshinda alishinda kwa hoja, maana cheo hakikuonekana. Uzi ulifunguliwa kwa "Wakuu, habari za muda huu" na kufungwa kwa "Naomba kuwasilisha", kama hotuba ya bungeni. Kashfa za Richmond, ya mkataba wa umeme wa dharura, na EPA, ya wizi wa fedha Benki Kuu, zilipokuwa zinaitikisa nchi mwaka 2008, hadi Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari mwaka huo kwa sababu ya Richmond, huko zilichambuliwa kwa lugha ambayo ofisini mtu angeinong'ona tu.

Najua kinachosemwa dhidi ya majina bandia. Kwamba ni kichaka cha wazushi, kwamba mtu akijificha hutukana. Ni kweli, matusi yalikuwepo, na umbea wa kuvunja ndoa za watu ulikuwepo pia. Lakini jina bandia ni kitu kimoja na kukosa jina ni kitu kingine. Mwenye ID ya miaka minane JF alikuwa na heshima ya kuilinda. Watu walikumbuka alichotabiri kwenye uchaguzi uliopita na kama kilitimia. Akileta habari ya uongo aliambiwa "mkuu, hii chai", na wiki ijayo akileta nyingine alikumbushwa ile ya kwanza kwa kiungo cha uzi wenyewe. Ile ID ilikuwa mtu kamili, mwenye historia yake, ila hakuwa na mwajiri, hakuwa na ukoo, wala hakuwa na kata anayokaa. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoziba midomo ya Watanzania kuliko sheria yoyote.

Sheria nazo zilikuja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wa JF, Maxence Melo, alikamatwa na kufunguliwa kesi, kiini cha mvutano kikiwa ni kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la kuzuia uchunguzi na kumtoza faini ya Sh milioni 3. Katikati ya hapo, Juni 2018, JF yenyewe ilizimwa kwa muda kupisha kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zilizodai leseni na ada za zaidi ya Sh milioni 2. Septemba 2025 leseni yake ikasimamishwa kwa siku 90. Ukizipanga tarehe hizi mstari mmoja unaona kwamba kilichokuwa kinagombewa muda wote ni orodha ya majina: nani yuko nyuma ya nani.

Facebook haikuhitaji polisi kuipata orodha hiyo. Tulijiorodhesha wenyewe. Iliomba jina halisi, shule uliyosoma na sura yako, na sisi tukaona raha kwa sababu kila jina lilileta mtu uliyempoteza tangu darasa la sita. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya furaha tupu. Kisha mwaka 2014 Tigo, siku hizi Yas, ikafungua Facebook bure kwa wateja wake, na waliokuwa hawana bando wakaingia: wajomba, walimu wetu wa zamani, mzee wa kanisa. Sikumbuki siku ambayo niliacha kuandika siasa huko. Hakuna aliyenikataza. Ilikuwa ni zile salamu za kikaoni tu: "Naona siku hizi una maneno makali Facebook," anasema baba mdogo huku anacheka, na unaelewa kwamba hacheki. Ukurasa wangu ukabaki wa kumpongeza mtu kwa kuzaliwa na kumpa pole mtu kwa kufiwa. Nikitazama kurasa za wenzangu wa rika langu, naona nao wameishia hapohapo.

Halafu WhatsApp. Hii iliingia kimyakimya. Haikuwa na wafuasi wala ukurasa wa kujionyesha, ilikuwa na namba ya simu tu. Lakini namba ya simu ndiyo kitambulisho chetu cha kweli, hasa tangu laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ukomo wa grupu ulipopanda hadi watu 256 mwaka 2016, na hadi 1,024 mwaka 2022, kila shughuli ya Mtanzania ikapata grupu lake: ukoo, vikoba, jumuiya, wazazi wa chekechea, wahitimu wa kidato cha nne, msiba, harusi.

Anayetaka kuelewa jinsi mtandao unavyofanya kazi kweli hapa kwetu, aachane na X na TikTok, aingie grupu la kamati ya harusi. Kiini chake ni orodha. Mweka hazina anaianzisha, majina kwa namba, ahadi pembeni, na tiki ya kijani kwa aliyemaliza: "1. Uncle Moshi 200,000 ✅ 2. Mama Neema 100,000, bado 40,000. 3. Baba Junior 50,000." Kila anayeahidi anainakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini na kuirusha upya. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, kila mmoja anarusha orodha isiyo na mwenzake. Wa tatu akinakili ile ya pili, wa kwanza amefutika duniani. Nimeshuhudia ugomvi wa kweli ukizuka hapo: mtu ametoa laki moja, jina halipo, na siku ya kugawa kadi anaonekana hajachanga. Ndiyo maana mweka hazina mzoefu ana daftari la karatasi pembeni na hafuti meseji hata moja ya muamala. Na kila asubuhi, baada ya picha ya maua na mstari wa Biblia, mwenyekiti anatukumbusha "tuendelee kupunguza ahadi zetu".

Tazama kilichobadilika. Mchango wa harusi zamani ulikuwa kati yako na mwenye shughuli. Alikuletea kadi nyumbani, ukampa ulichonacho kwenye bahasha, ikaisha. Leo ahadi yako inasomwa na watu mia mbili, kwa utaratibu wa nani kaanza na nani kafuata. Hakuna anayetaka kuandika 20,000 chini ya mtu aliyeandika 300,000. Kwa hiyo wenye 20,000 hawaandiki. Wanakaa humo kimya, wanasoma kila kitu, wanaweka emoji ya mikono ya sala mtu akifiwa, na siku ya harusi hawaji. Kujitoa nako kuna gharama. Tangu mwaka 2022 WhatsApp imeacha kumtangazia kila mtu unapoondoka, anaarifiwa admini peke yake. Lakini admini wa grupu la harusi ni nani, kama si shangazi yako?

Nikimtaja shangazi, nimtendee haki. Ujumbe wa sauti, ulioingia WhatsApp mwaka 2013, naona ndiyo kazi bora kuliko zote ambazo kampuni hizi zimetufanyia, na hausifiwi inavyostahili. Shangazi yangu yuko Muheza. Kuandika ujumbe mrefu hapendi, macho na vidole havisikilizani. Lakini sauti anarekodi dakika nne bila kupumzika: salamu kwa mpangilio, wewe, mwenzio, watoto mmojammoja kwa majina, mvua, michungwa, jogoo anawika nyuma yake, "we mtoto toka hapo utaniangushia maji", kisha sekunde kumi za mwisho ndipo linapotoka lililomfanya arekodi. Tangu mwaka 2021 unaweza kuongeza kasi ukasikiliza mara mbili ya mwendo wake, na mimi hufanya hivyo kwa kila mtu isipokuwa yeye. Nimejifunza kwamba zile salamu ndimo anamoweka habari. Akimruka mtoto mmoja kwenye orodha, ujue kuna neno.

Sasa turudi kwenye lile la kunyamaza, maana WhatsApp ndiko lilikokomaa. Mwaka 2016 kampuni ilianza kusimba ujumbe wote, kwamba hata wao wenyewe hawawezi kuusoma. Vizuri sana. Ila usimbaji unamzuia mdukuzi, haumzuii binamu mwenye skrinshoti. Katika grupu la watu mia mbili wanaojuana, lolote utakaloandika linaweza kufika ofisini kwako kabla ya chakula cha mchana, likiwa na jina lako na picha yako ya wasifu umevaa suti. Mtu mzima mwenye akili akiliona hilo hufanyaje? Anatafuta kinyago. Na kinyago tulichokipata ni ujumbe wa kusambaza.

Fuatilia grupu lolote la ukoo. Watu hawaandiki maoni yao, wanatuma ya wengine. Juu wameweka "Kama nilivyopokea" au "Nimeitoa mahali", chini "Tuma kwa wengine wapone". Mwenye hasira na bei ya sukari hasemi ana hasira, anatuma makala ndefu ya mtu asiyejulikana anayelalamikia bei ya sukari. Akibanwa, jibu liko tayari: mimi nimetumiwa tu. Wataalamu wengi wanaozungumzia habari za uongo huanzia kwenye ujinga wa watu, kwamba tufundishwe kuhakiki. Semina hazina ubaya. Ila mimi naamini nusu ya tatizo ni hii: tumewanyima watu mahali pa kusema "mimi naona hivi" bila kuadhibiwa, wakajifunza kusema "wanasema hivi". Na anayesema "wanasema" hana wajibu wa kuhakiki chochote, maana si maneno yake. Ile ID ya JF iliyoogopa kuumbuliwa ilihakiki kuliko mjomba mwenye jina lake kamili.

Mwaka 2020 hili lilikuwa wazi kuliko wakati wowote. Kuanzia Mei takwimu za wagonjwa wa korona ziliacha kutolewa, na magrupu yakajaa malimao, tangawizi na nyungu za kujifukiza. Tuliocheka tulikosa kusoma kilichoandikwa. Kuna mzee kwenye ukoo wetu ambaye katika maisha yake hajawahi kutamka kwamba anaogopa kitu. Mwezi ule alituma dawa za kienyeji kila alfajiri, zote "kama nilivyopokea". Wakati huo WhatsApp yenyewe ilikuwa imebana: tangu Januari 2019 ujumbe ulisambazwa kwa watu au magrupu matano tu kwa mkupuo, na Aprili 2020 ule uliokwishazunguka sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja moja. Watu wetu wakanakili na kubandika. Tena ikawa mbaya zaidi, kwa sababu ukinakili, ile alama ndogo inayoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi inapotea, na uzushi unaonekana umeandikwa na shemeji.

Instagram nitaipitia haraka. Kwangu mimi ilishaacha kuwa mtandao wa kijamii siku nyingi, ni Kariakoo yenye picha nzuri. Mzigo mpya umeingia, bei njoo DM, mikoani tunatuma. Kuna ustadi wake: muuzaji wa kweli hukutumia picha ya risiti ya basi na namba ya gari, na huacha watu watoe maoni chini ya picha zake. Aliyefunga sehemu ya maoni ana sababu ya kuifunga, na mimi hela yangu haiendi huko tena hata gauni liwe zuri kiasi gani. Jambo moja linahusu mada yetu: huko ndiko watu walioacha kusema siasa Facebook walikohamia kutukanana kuhusu wasanii. Ubishi haukufa, ulihamishiwa kwenye mambo yasiyo na hatari. Diamond na Alikiba wamebeba mzigo ambao kwa haki ulikuwa wa mawaziri.

Na X, iliyokuwa Twitter, ndiyo iliyokaribia kuwa JF ya pili. Ilikuwa na wenye majina yao na wenye majina bandia pamoja, kwenye uwanja mmoja na mamlaka, na mtu wa Kigoma angeweza kumuuliza waziri swali mchana kweupe. Mijadala yake ya sauti ilikusanya maelfu ya watu. Ukiingia humo ungeona wanaozungumza ni wachache, wengi wao wako nje ya nchi, na chini yao safu ndefu ya akaunti zisizo na sura zinasikiliza. Anayeuliza swali humtumia mwendeshaji kwa siri ili alisome yeye. Sauti haina jina bandia. Binti yako ataitambua kwenye neno la kwanza. Na bei ya kusema kwa sauti yako inajulikana: Maria Sarungi Tsehai, mwendeshaji wa mijadala maarufu kuliko yote ya aina hiyo, alitekwa Nairobi Januari 2025 akaachiwa baada ya saa chache.

Mei 2025 X ikafungiwa nchini, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa na kurusha picha chafu na uzushi. Sababu iliyotolewa baadaye ilikuwa maudhui ya ngono. Kuanzia hapo aliyetaka kuingia alihitaji VPN, programu inayoficha unakotokea mtandaoni, ambayo nayo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilikuwa imeshatangaza Oktoba 2023 kwamba anayeitumia ajitambulishe. Hebu tafakari mpangilio huo: unatakiwa kuandikisha jina lako ili uruhusiwe kutumia kifaa cha kuficha jina lako. Halafu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Tukarudi kwenye SMS na kupigiana simu, kila mtu akiuliza mzima, wote wazima, bila kuuliza zaidi. Iliporudi, ilirudi na ujumbe wa polisi kwenye simu ukionya dhidi ya kusambaza picha za kuzua taharuki. Kwenye grupu letu la ukoo, lenye watu katika mikoa minne, siku ile intaneti iliporudi kiliandikwa kitu kimoja: orodha ya michango ya msiba.

Rafiki zangu wa Kenya wakinisikia nikisema hivi huniambia tatizo ni la Watanzania, si la mitandao. Wana hoja. Juni 2024, kupinga Muswada wa Fedha, vijana wao walisimama mbele ya kamera za TikTok kwa sura zao, wakaueleza muswada kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama. Walibeba majina yao. Walivuma kiasi kwamba Rais William Ruto, akiwa ameshauondoa muswada, aliingia mwenyewe kwenye mjadala wa sauti wa X tarehe 5 Julai kujibu maswali. Nilisikiliza sehemu yake nikiwa jikoni, na nakiri nilisimamisha kuosha vyombo kusikia raia anavyomkatiza rais wake. Hapo nadharia yangu inayumba: hawa walijulikana, na hawakunyamaza.

Lakini haianguki. Kwanza, wale vijana walikuwa wengi mno kwa siku moja, na wingi nao ni aina ya kujificha, kwamba mmoja katika laki si rahisi kumnyooshea kidole. Pili, tazama kilichofuata wingi ulipopungua. Mwishoni mwa mwaka uleule vijana kadhaa waliosambaza picha na vibonzo vya kumkejeli rais walitekwa mmojammoja, wakaachiwa mwanzoni mwa Januari 2025. Waliofuatwa hawakuwa laki. Walikuwa wale ambao jina, sura na mtaa vilipatikana.

TikTok ya kwetu, kwa upande wake, imeturudisha kwa wasiotujua, maana inampeleka mtu kwa watazamaji inaowachagua yenyewe, si kwa jamaa zake. Ningetegemea turudi kubishana. Badala yake tunaigiza. Nadhani ni kwa sababu ya sura. Ukiwa mbele ya wageni na sura yako ndiyo bidhaa, unatafuta wakupende, na hoja haipendeshi mtu haraka kama mauno. Mpishi wa Mbagala anayeonyesha anavyokaanga chipsi mayai ana watazamaji ambao profesa hawezi kuwapata, na simwonei wivu, chipsi zake ni safi.

Kwa hiyo ule ubishi umekwenda wapi? Sehemu yake iko kwenye Status ya WhatsApp. Ilipoingia mwaka 2017 niliidharau, nikaona ni ya kuwekea picha za birthday. Leo ndiyo ukurasa wa maoni unaosomwa kuliko yote, na mtambo wake uko kwenye mipangilio, pale unapochagua watu wasioweza kuiona. Nina rafiki mwalimu wa sekondari ya serikali. Orodha yake ya waliozuiwa ina mkuu wa shule, afisa elimu, ndugu wawili wa mume wake, na mzazi mmoja ambaye ni diwani. Kila anapopata namba mpya anaamua kwanza inakaa upande gani. Baada ya hapo anaandika, tena anaandika vizuri, mambo ya madaraja ya mishahara na vitabu visivyofika, kwa hasira na kwa takwimu. Saa 24 zikiisha yamefutika. Hakuna atakayemkumbusha baada ya miaka mitatu kwamba alisema, wala hakuna atakayempa sifa kwamba alisema kweli. Hakuna pia anayembishia, kwa sababu Status huijibu faraghani. Ni JF iliyokatwa vipande mia mbili, kila kipande na msomaji wake.

Sehemu nyingine iko kwa maadmini. Kwenye magrupu ya Facebook ya afya na ndoa, nusu ya machapisho huanza na "Admin nifichie ID", na Facebook yenyewe ikaja kuweka njia ya kuchapisha bila jina kwenye magrupu, ikifuata kile ambacho watu walikuwa tayari wanakifanya kwa mikono. WhatsApp haina kitu hicho, lakini grupu la mtaa wetu limekitengeneza. Mwenye malalamiko humtumia admini inbox, admini anaandika: "Kuna mdau anauliza, maji yaliyoahidiwa Jumanne mbona yametoka mtaa wa pili tu?" Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye yumo grupuni, alidai mara ya kwanza kumjua mdau huyo. Admini, fundi friji mwenye ulimi laini, alimjibu: "Mwenyekiti, tuanze na swali kwanza." Baada ya nusu saa hivi majibu yakaja, yenye ratiba na namba ya fundi wa mamlaka ya maji. Tangu hapo mdau anauliza mara kwa mara: taa za barabarani, taka, hela ya ulinzi shirikishi. Miandiko inatofautiana kiasi kwamba ni wazi si mtu mmoja, na mwenyekiti ameacha kuuliza ni nani. Wanaoandika kanuni Dodoma, na wanaobuni hivi vitu California, wangekaa kwenye grupu lile mwezi mmoja kabla ya kuongeza sehemu nyingine ya kujaza jina kamili.